Mama Hakutuambia Kama Yule Mtu Alivuka

Sisi tuliokulia Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi, kabla simu hazijaingia kwenye kila mfuko wa suruali tunajuana kwa malalamiko. Tukikutana watu wa rika langu, mmoja atalalamikia foleni ya bomba la maji, mwingine atalalamikia mahindi ya posho yaliyokuja na wadudu wake, mwingine vumbi jekundu lililogeuza kila nguo nyeupe kuwa rangi ya tofali. Mimi namlalamikia mama yangu. Wenzangu hucheka, maana wengi wao aliwafundisha na wanamkumbuka kwa mapenzi makubwa. Ni rahisi kumpenda mwalimu ambaye jioni unamwacha kwake ukaenda kula kwenu. Jaribu kulala naye nyumba moja.

Mama alikuwa mwalimu tangu kwetu Kongo, upande wa Fizi, kwenye shule ya msingi iliyokuwa karibu na ziwa. Dzaleka nzima walimwita Madamu, wakubwa kwa wadogo, hata ambao hawakuwahi kukaa mbele yake na kalamu. Alipenda vitabu kuliko chakula, na kwa bahati mbaya akatuzaa sisi, mimi Riziki na mdogo wangu Amani, ambao tulipenda chakula.

Ugomvi wangu na vitabu ulianza siku tuliyokimbia. Baba alikuwa mkulima na mchuuzi wa mawese, mtu wa haraka, asiyependa kurudia jambo. Alifunga magunia mawili yanayofanana kwa kamba zinazofanana. Moja lilikuwa la unga wa muhogo, chakula chetu cha safari. La pili lilikuwa la vitabu vya mama, ambavyo alimwahidi kuvifukia kwenye shimo nyuma ya nyumba mpaka hali itulie. Milio ya risasi ilipokaribia alitukimbiza hadi kwenye mtumbwi wa injini, akatupakia, akatupa gunia miguuni petu, akasema maneno ambayo sijayasahau hata siku moja: "Mutangulie. Mi napita kubeba mama kule ku mulima, nakuja nyuma." Mama yake mzazi alikuwa huko mlimani, mzee asiyeweza kutembea.

Tulipofika ng'ambo, upande wa Tanzania, na njaa yetu imekwisha kuwa ya kulia, mama akaazima sufuria, akachemsha maji, akafungua gunia. Vikatoka vitabu. Kamusi ya Kifaransa, vitabu vya hesabu, vitabu vya hadithi, kimoja baada ya kingine. Amani alikuwa mdogo kiasi kwamba alilamba jalada moja kuhakikisha. Mama akaweka mikono kichwani. "Mwanaume gani huyu, haone tofauti ya bunga na buku!" Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka wanawake wengine wakaja kumshika wakidhani akili imemruka. Baba, mchana ule ule, bila shaka alikuwa ameshafukia unga wetu shimoni kwa uangalifu mkubwa.

Hivyo ndivyo tulivyotoka Kongo mpaka Malawi tukiwa wakimbizi wenye maktaba na bila kijiko. Mama alikataa katakata kuliacha gunia njiani. Watu walimshauri, wakamsihi, dereva mmoja wa lori akamtukana; wapi. Maji yalikuwa yameingia chini ya mtumbwi, kwa hiyo vitabu vya chini vililoa, kurasa zikagandana na kukatika. Kilichoumia zaidi kilikuwa kile cha jalada la kijani, kitabu ambacho baba alimletea mama safari yake ya mwisho ya Uvira. Kilipoteza mwisho wake wote. Kimebaki hivyo mpaka leo, na nitakirudia, kwa sababu kitabu hicho ndicho kilichonizeesha kabla ya wakati.

Dzaleka walitupa turubai, na baadaye tukajenga chumba cha matofali ya udongo. Kitu cha kwanza mama alichotengeneza ndani kilikuwa rafu ya vitabu, ubao juu ya matofali, iwe mbali na mchwa. Kitanda kilikuja baadaye sana. Sisi tulilala kwenye mkeka, karibu na hao hao mchwa, na hakuna aliyeona ajabu isipokuwa mimi.

Nisiwe mnyimi wa fadhila: utoto wetu ulikuwa mtamu. Tulicheza mpira wa mifuko ya plastiki iliyofungwa kamba mpaka ukapasuka, tukatengeneza mwingine. Tuliruka kamba huku tukiimba nyimbo za Kichewa ambazo maana yake tuliijua miaka kadhaa baadaye, nyingine bora tusingeijua. Kwenye bomba la maji ulisikia Kirundi na Kinyarwanda, shuleni Kichewa na Kiingereza, na Kiswahili kila penye ugomvi. Jumamosi kwaya zilifanya mazoezi zote kwa pamoja, kila kanisa na ngoma zake, na huwezi kujua unasifu kwa wimbo upi. Mama zetu walikula nsima, ugali wa mahindi wa huku, wakisema si chakula, haina muhogo, haishiki tumbo, na wakaongezwa tena. Jumapili vinu vya sombe, majani ya muhogo, vilisikika kuanzia mwanzo wa kambi mpaka mwisho, na harufu ya yale majani yakichemka na samaki wakavu ilitutoa ibadani kabla ya neno la baraka. Watoto wa leo ukiwapa sombe wanauliza kama kuna chipsi.

Shule ya kambi haikumwajiri mama kwa wakati ule, maana alikuwa amesomea kwa Kifaransa na Malawi ni ya Kiingereza. Hakusononeka. Alitafuta bati, akalipaka unga mweusi wa betri za redio zilizokufa, akalitundika mlangoni kwetu, akaanza kufundisha nje. Walikuja watoto wa Fizi, wa Uvira, wa Burundi, walikaa juu ya matofali na kaye zao, yaani madaftari, magotini, na mimi ambaye nilikuwa nimeshamaliza shule moja asubuhi nililazimika kuanza ya pili mchana, kwa mwalimu ambaye nisingeweza kumdanganya kwamba mama yangu anaumwa.

Vitabu aliviazimisha, lakini si bure. Kwanza ulinuswa vidole. Mama alishika mkono wa mtoto, akaupeleka puani, na ukinuka dagaa alikurudisha kwenu ukanawe kwa majivu. Pili, uliacha kiatu kimoja. Hiyo ilikuwa sheria yake mwenyewe, sijawahi kuisikia kwingine duniani. Ukichukua kitabu, unaacha lapa moja kwenye rafu, unakwenda nyumbani na mguu mmoja wazi. "Mutoto mwenye kiatu moja haendi mbali," alisema, "na buku yangu pia haiende mbali." Wazazi walilalamika, wakaja mlangoni na kelele. Mama akawauliza kama na wao wangependa kuazima. Ikafika mahali ukimwona mtoto anachechemea kwenye vumbi unajua anasoma. Waliokosa viatu kabisa walileta walichokuwa nacho, kofia ya baba, mfuniko wa sufuria, na kuna aliyeleta kifaranga, akakiweka juu ya rafu kwa heshima zote. Kifaranga kilifanya juu ya kamusi kile ambacho vifaranga hufanya, na mimi ndiye niliyeambiwa nisafishe.

Jirani yetu Mama Kezia, Mrundi, alikaanga mandasi pale kwenye kona. Siku moja mwanawe mdogo alichukua kitabu, akafika nacho nyumbani, na Mama Kezia, ambaye hakujua kusoma na alikuwa amekosa karatasi za kufungia, akaona Mungu amemletea. Mama alikuwa akitoka bomba la maji alipomwona mwanaume fulani anakula mandasi kutoka kwenye ukurasa wa hadithi. Akatua ndoo.

"Baba, simama! Unakulia mu buku yangu!"

Yule mtu alidhani anaitwa mwizi. Akakimbia. Mama akamkimbiza. Watu walipoona Madamu anamfukuza mtu na wao wakaunga mkia, na maskini yule alikamatwa karibu na uwanja wa mpira akiwa bado ana mandasi mdomoni. Mama alichukua ukurasa wake, akamshukuru, akamwacha asimame pale na mandasi mkononi. Mama Kezia alikuja jioni kuomba radhi. "Mana yanje, Mungu wangu, Madamu, mi nilisema ni karatasi tu!" Mama akamjibu kwa upole ulionichosha kuliko makelele: "Karatasi ni ile banafungia sukari. Hii ni mutu alikaa chini akawaza." Kisha akamkalisha akamfundisha herufi, kuanzia jioni hiyo hiyo, mpaka Mama Kezia akajua kusoma Biblia yake na kutusumbua nayo.

Sasa kitabu cha kijani. Jumamosi mchana, kwaya zikiwa zinapambana, mama alitoka nje na kile kitabu, na mtaa mzima ukajaa mlangoni kwetu. Kilikuwa cha Kiswahili, kwa hiyo hakuna aliyeachwa nyuma. Kilieleza habari za mwanaume aliyeacha mke na mtoto kwenye nyumba iliyoezekwa nusu, akaenda mbali kuchimba dhahabu ili apate pesa za kumalizia paa. Akakaa huko miaka. Anapata, anapoteza, anaugua, anapona. Mwishowe anafunga safari ya kurudi. Anatembea, tunatembea naye, mpaka anafika kwenye mto uliofurika, na ng'ambo ya mto ndiko kwao. Mwenye mtumbwi anamwambia leo havuki mtu. Yule mwanaume anakaa, anaangalia moshi wa majiko ng'ambo, anasimama, anakunja suruali, anaweka mguu mmoja majini.

Hapo kurasa zikakatika.

"Madamu, alivuka?" Tulipiga kelele sote.

Mama alifunga kitabu, akatutazama mmoja mmoja. "Weye unaona je?"

Hiyo ndiyo ilikuwa tabia yake. Kila mtoto alitoa mwisho wake. Mmoja alisema aliliwa na mamba. Mwingine alisema malaika alitandika daraja. Kezia, mtoto wa jirani yetu, alisema alirudi kwenye dhahabu kwa sababu huko ana mke mwingine, tukacheka wote isipokuwa mama. Kila aliyejibu aliulizwa sababu: "Juu ya nini?" Ukisema mamba, ueleze mamba alitoka wapi. Aliwasikiliza kwa makini, kichwa kimeinama upande, kama vile mtoto wa miaka saba mwenye makamasi ana habari muhimu kutoka mtoni. Na hakusema kamwe nani amepata. Watu walirudi makwao bila jibu, na baada ya miezi kadhaa alikisoma tena kuanzia mwanzo, wakaja watoto wapya na wazee wale wale, na tukafika tena pale pale kwenye mto.

Mimi sikujibu hata mara moja. Nilikunja mikono nikanuna. Watu walidhani ni kiburi cha mtoto wa mwalimu, lakini mimi nilikuwa nataka jibu la kweli. Kwangu yule mwanaume wa kitabuni alikuwa na sura ya baba, na mwendo wake, na haraka yake. Baba alikuwa amesema anakuja nyuma. Kila lori lilipoleta wageni kutoka Kongo, Amani alikimbia kwenda kutafuta mwanaume mwenye gunia la unga. Alirudi peke yake, akanawa miguu. Mama hakumkataza. Nilipomuuliza mama kama baba atafika, alinitazama kwa yale macho yake ya darasani, akaniuliza: "Weye unaona je?"

Nilitamani kupasuka. Nilikuwa mtoto, nilitaka kuambiwa. Wenzangu wakiwauliza mama zao jambo walijibiwa, hata kama ni uongo. Mimi nililelewa na mwanamke aliyekuwa na majibu yote, ya hesabu, ya Kifaransa, ya Biblia, anayejua hata mji mkuu wa nchi ambayo hatutaiona, na hili moja tu alininyima. Niliamini anajua. Nani angeamini vinginevyo? Mwalimu na kitabu chake, atakosaje kujua mwisho?

Nilipokua nilikwenda Lilongwe, nikajifunza ushonaji kwa fundi mmoja wa kwetu, nikapanga kibanda Area 36 katikati ya maduka ya kaunjika, nguo za mitumba, na wauza nyanya. Amani alikwenda Afrika Kusini, anapiga simu wakati wa sikukuu. Mimi nikamzaa Neema, nikamlea kwa sindano na mkasi. Mama alibaki Dzaleka na rafu yake, lakini alikuja kututembelea, na kila akija nilijua ninapoteza siku nzima. Kisingizio kilikuwa kumwona mjukuu. Alimwona, akambusu, kisha akavaa viatu na kuniambia tuende mjini, kwa yule mtu aliyetandaza vitabu vya zamani chini kwenye plastiki, karibu na stendi ya basi dogo.

Alikuwa hanunui. Alichuchumaa, akachagua kimoja, akasoma. Ukurasa kwa ukurasa, jua likampiga kisogoni. Muuzaji alikohoa, akasafisha vitabu vingine, mwishowe akauliza kama tunanunua: "Amayi, mukugula?" Mama akamshukuru, "Zikomo", kwa adabu kubwa, akafunua ukurasa unaofuata. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni nikitamani ardhi inimeze. Kabla ya kuondoka alimuuliza kila mara swali lile lile, kama amepata kile kitabu cha kijani, akakitaja kwa jina lake, akaeleza kwa Kichewa cha kuvunjika kwamba kina mwanaume na mto. Aliuliza wauzaji wote. Aliniagiza niulizie mpaka mtaa wa Mtandire, ambako watu walikuwa wanatafuta kibarua cha siku, si kitabu. Siku moja nilimfokea. "Mama, hicho kitabu unacho nyumbani!" Akapangusa vumbi gotini. "Njo vile. Lakini ile ya nyumbani imechoka."

Kisha ikaja amri kwamba wakimbizi waliokuwa wanaishi mjini na kufanya biashara huko warudi kambini. Nilifunga kibanda, nikapakia cherehani, nikarudi kwenye chumba kile kile cha matofali nikiwa na binti aliyekulia Area 36. Neema anaongea Kichewa kuliko Kiswahili, anamwita bibi yake "agogo" kama watoto wa Lilongwe, na kila kitu anaiuliza simu. Mvua ikiwa inapiga bati juu ya vichwa vyetu anaiuliza simu kama itanyesha. Mimi nimechoka.

Macho ya mama yameingia utando. Ameandikishwa kwa upasuaji, tunangoja. Tangu hapo hawezi kusoma, na mama asiyesoma ni balaa, anazunguka chumbani akigusa rafu na kuhesabu makosa yetu. Mimi nashona kuanzia asubuhi. Ikabidi Neema ndiye amsomee, na hiyo, ndugu zangu, ndiyo kelele ninayoishi nayo. Neema anasoma kama anayefukuzwa na mbwa. Mama, ambaye haoni hata kitabu kiko wapi, anamkatiza: "Umeruka mustari." Neema anarudi, anatafuta, kweli ameruka. "Agogo, kama unakijua kichwani, nakisoma cha nini?" Nikifikiri vizuri, swali lenyewe halikuwa la kipumbavu, lakini mtoto wa enzi zetu angelimeza.

Jumapili moja, baada ya ibada, sombe ikiwa jikoni na mimi nikimalizia sare za kwaya, walifika kwenye kile cha kijani. Sikuwa nimekisikia tangu nilipokuwa msichana. Mguu wangu uliendelea kukanyaga cherehani, lakini masikio yalikuwa kwenye paa lililoezekwa nusu. Nikamsikia yule mwanaume anaugua, anapona, anaanza safari. Nikamsikia mwenye mtumbwi anakataa. Neema akafika kwenye mguu majini, akageuza, akakuta jalada.

"Agogo, imekwisha."

"Haiyakwisha."

"Karatasi njo zimekwisha."

Mama akageuza uso wake kule sauti ilikotoka. "Weye unaona je? Alivuka?"

Nikaacha kushona. Nilijua kinachofuata, mamba, malaika, juu ya nini. Lakini Neema hakulelewa kama sisi. Aliweka kitabu gotini, akavuta pumzi kama anayemsikitikia mtu mzima, akasema:

"Agogo, mi sijue. Weye unajua, ao haujue?"

Damu ilinipanda. Niliushika mkasi mkononi nikasema "We Neema!" kwa sauti ambayo hata mimi iliniogopesha. Enzi zetu, mwalimu uliweza kumuuliza kama mtu alivuka, kama dunia ni duara, kama Mungu alizaliwa. Kumuuliza kama yeye mwenyewe anajua, hapana. Huko kulikuwa kumvua nguo sokoni. Dzaleka nzima ilipita mlangoni pale, watoto kwa wazee, miaka na miaka, na hakuna hata mmoja aliyethubutu.

Mama akainua mkono. "Muache. Ameuliza muzuri."

Akapapasa kitambaa cha chitenje chake.

"Sijue, mwanangu. Baba ya mama yako aliniletea ile buku wiki ile tulikimbia. Nilikuwa nasoma kidogo kidogo, juu ya kusahihisha kaye ya batoto. Sikufika ku mwisho. Mi pia niliishia pale ku mto."

Sombe ilianza kuungua. Nilisikia harufu, hakuna aliyeinuka. Sitasema uongo, kitu cha kwanza nilichohisi kilikuwa hasira. Nilikumbuka zile Jumamosi zote, ile mikono niliyoikunja, Amani akinawa miguu yake.

"Mama! Miaka yote ile ulikuwa unatuuliza!"

"Nilikuwa nauliza kweli," alisema. "Mulikuwa batoto bengi. Nilisema pengine moja wenu atajua."

 Nikasema lile ambalo sikuwahi kuthubutu kulirudia tangu utotoni, na lilitoka kwa sauti ndogo isiyo ya mwanamke mwenye binti mkubwa.

"Na baba?"

"Na yeye vile vile." Hakuonyesha kushtuka. Nadhani alikuwa amelingoja. "Ningesema anakuja, Amani angelala ku barabara. Ningesema hakuji, ni kumuzika, na mi sijaona maiti. Nilikuwa sijue, Riziki. Ningewaambia nini?"

Neema alikuwa anatutazama, simu imezimika mkononi, na kwa mara ya kwanza tangu tuhamie hakuwa na swali. Mama akanigeukia mimi. Hawezi kuniona, lakini alinipata.

"Bote balinijibu. Weye tu njo hukunijibu hata siku moja. Sasa unaona je?"

Nilitaka kumwambia niache nishone. Nilitaka kukunja mikono. Badala yake nikasema, "Hakuvuka, mama." Katika nyumba yetu neno hilo lilikuwa halijasemwa, si kwa Kiswahili, si kwa lugha yoyote.

Akangoja. Kisha, Mungu wangu, mwalimu hafi:

"Juu ya nini?"

"Kwa sababu angevuka," nikasema, na machozi yalikuwa yameshafika kidevuni, "angekuwa amefika."

Mama alitikisa kichwa taratibu, akakubali. "Njo vile na mi naona," alisema. Akanyoosha mkono, Neema akauongoza mpaka begani kwangu, tukakaa hivyo mpaka moshi wa sombe ukatutoa nje tukikohoa.

Tulikula nsima na chumvi jioni ile. Nilimgombeza Neema kwa utovu wa adabu, nikamgombeza sana, kisha nikampa kipande changu cha samaki kilichonusurika sufuriani. Najua mtakaosoma haya, nyinyi wa lapa moja, mtasema kama ninavyosema mimi kila siku, kwamba watoto wa sasa hawana heshima, hawajui kungoja, wanamtazama mkubwa machoni na kumuuliza kama anajua. Ni kweli. Sisi hatukuwa hivyo. Tulipigwa jicho moja tukanyamaza. Tulikaa kwenye matofali yetu tukanyoosha vidole, tukamwita Madamu, tukampa mamba na malaika, na hatukumuuliza. Tulimheshimu mama yangu mpaka tukamwacha peke yake pale mtoni.